Ngano ya Glaukipo

Pireo, bandari ya Athene, mwezi wa Thargelioni, shayiri za mwanzo zikiwa bado shambani

Kwako Sostrato, mdogo wangu,

Huku tu wazima, kama mzima ni mtu anayekula mkate wa shayiri uliochanganywa na unga wa dengu halafu anashukuru. Mguu wangu wa kushoto unavimba nikisimama sana tanurini. Mwanangu Likisko hajambo, amepungua tumbo na kuongezeka sauti. Yule muuza mkaa jirani yetu tumemzika. Mizeituni ya babu imechanua vizuri mwaka huu. Nakutajia ili ujue tu kwamba kuna mtu anaipalilia. Wa nyumbani kwako wasalimie wote kwa jumla.

Sasa nisikilize. Mvua imetunyima mwaka wa pili huu. Nafaka inayoingia bandarini inagombewa kabla haijagusa ardhi. Jana wanawake wawili wamevutana nywele mbele ya tanuri langu kwa ajili ya mkate ulioungua. Wauza nafaka wanatazamwa kama wachawi, na Likisko, kama unavyojua, ni muuza nafaka.

Kwa hiyo vile vifuko vyako viwili vya sampuli vilipofika na mashua iliyotangulia meli, vikiwa na muhuri wa panzi wa baba yetu, nilishusha pumzi. Likisko alivipeleka Ukumbi wa Sampuli pale gatini. Kimoja alikifungua watu waione ngano yenyewe. Mzee mmoja alitafuna punje akatokwa na machozi, mzee mzima nakuambia. Cha pili amewakabidhi wasimamizi wa nafaka kikiwa na muhuri wake, wakilinganishe na shehena siku meli yako itakapotia nanga. Halafu akapanda juu ya lile jiwe la kutangazia, akataja kama desturi ilivyo, ngano ni ya nani, mwana wa nani, wa kitongoji gani: ngano ya Sostrato, mwana wa Glaukipo, wa kitongoji chetu. Sauti ilifika mpaka kwa wachuuzi wa samaki. Kisha, bila kuombwa na mtu, akala yamini kwa Demeta, mungu wetu wa nafaka, kwamba ngano ya mjomba wake inakuja Pireo na haiendi penginepo. Walimbeba mabegani.

Sheria unaijua, umekulia hapa. Nafaka ya mtu wa Athene ikipelekwa bandari nyingine, kuna mtu atakunywa kikombe cha sumu. Wewe uko mbali. Likisko yuko hapa. Basi meli isizubae.

Dada yako, Eukoline


Pantikapaio, kaskazini ya bahari ya Ponto, mwezi wa Hekatombaioni, joto kali

Kwako dada Eukoline,

Barua yako imefika ikinuka samaki, lakini imesomeka. Pole kwa mguu. Pole kwa muuza mkaa pia. Alikuwa akinipa makaa ya bure nilipokuwa mdogo, wala hakuwa ndugu yangu. Wa nyumbani kwangu, hao wa jumla, wana majina. Mke wangu anaitwa Opoia, ni wifi yako tangu zamani, kama umesahau. Mwanangu anaitwa Glaukipo, jina la baba yetu mimi na wewe. Wote hawajambo. Asante kwa kutowaulizia.

Nimefurahi kusikia mizeituni imechanua. Likisko anajitahidi. Ndivyo mtu anavyotunza mali akishajua itakuwa yake.

Meli imeondoka, hilo naweza kukuambia. Ilipo sasa sijui. Pepo za mwaka huu zimekuwa za ajabu. Halafu watu wa Bizantio nao wana njaa, wanazikamata meli za ngano zinazopita pale kwenye mlango wa bahari na kuzilazimisha kushusha. Huenda imekwama huko. Huenda nahodha amepotea njia. Bahari ni pana, dada, na mimi nimekaa nchi kavu nahesabu magunia.

Nikuulize kitu kidogo. Likisko bado anahudhuria mikutano ya kitongoji chetu? Bado anasimama na kusema kwa sauti ile ile? Nilisikia ana kipaji.

Sostrato


Pireo, mwezi wa Metageitnioni

Kwako Sostrato,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa kupenda. Mguu wangu unaendelea kuvimba. Mizeituni ipo. Mwanangu hayupo, na nitakuambia aliko.

Huenda imekwama Bizantio, eti! Huenda nahodha amepotea! Sostrato, mimi ni mwanamke wa sokoni, nimedanganywa na watu wanaojua kudanganya. Muuza samaki wa chumvi mmoja amekuja juzi kutoka kisiwa cha Rodo. Amemwona nahodha wako, yule asiye na sikio moja, amekaa kwenye kilabu cha mvinyo ameshiba kama paka wa madhabahuni, na meli yako iko gatini inashushwa. Inashushwa Rodo! Ngano ile ile ambayo mwanangu ameiapia kwa Demeta!

Habari zilienea kabla muuza samaki hajamaliza kusimulia. Walikuja dukani kwa Likisko wakavunja mlango. Kwangu walipindua meza, wakamwaga unga chini wakaukanyaga. Watu wenye njaa wakikanyaga unga, jua hasira imefika wapi. Wanasema Likisko na mjomba wake walipanga tangu mwanzo, kwamba ile sampuli ilikuwa ya kuwalaza watu usingizi huku ngano inakwenda kwenye bei nzuri. Wasimamizi wa nafaka wamemtia ndani. Kuna msema kesi mmoja, mtu wa midomo myembamba, amejitolea kumshitaki, na hataki faini. Anataka sumu. Kesi itasikilizwa mwezi wa Pianepsioni, baada ya sikukuu ya Demeta ya wanawake.

Sasa fanya moja kati ya mawili. Andika barua kwa wasimamizi, kwa muhuri wa baba, useme Likisko hakujua kitu. Au lete meli nyingine yenye ngano ya shamba lile lile, wakifungua kile kifuko wakute inalingana. Ukifanya yote mawili, nitasahau mengi.

Na hayo ya kitongoji uliyoniuliza ni mambo ya wanaume. Mimi sikai kwenye mikutano yao.

Eukoline


Pantikapaio, mwezi wa Boedromioni, mwanzoni

Kwako Eukoline,

Tu wazima. Opoia anakusalimu, ingawa hustahili. Mavuno yamekwisha, maghala yamefungwa, asubuhi kuna ubaridi.

Ndiyo, nimeipeleka Rodo. Nilimwambia nahodha mwenyewe, nimeshika mkono wake, ili asije akasema hakusikia. Umefurahi? Huna haja tena ya wauza samaki.

Mambo ya wanaume, unasema. Basi mimi mwanamume nikueleze. Mwaka juzi mwanangu alitimiza umri wa kuandikishwa uraia, nikamtuma kwenu. Ulimpokea, ukampikia, alilala chini ya paa lako. Asubuhi akaenda kitongojini kwetu, mbele ya watu waliomjua babu yake, ili jina lake liandikwe. Wangapi wameandikwa pale na mama zao wametoka Thrake, au Libia, au hawajulikani walikotoka kabisa? Hakuna anayeuliza. Siku ile pia hakuna mgeni aliyeuliza. Aliyeuliza ni ndugu yake. Likisko alisimama akasema kwa sauti yake nzuri kwamba mama wa huyu ni Mskithi, na bibi yake alikuwa anamkamua farasi jike na kunywa maziwa yake kwa kata. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamwita mwana wa farasi. Halafu wakapiga kura wakamtoa.

Asiye raia harithi ardhi ya Athene. Kwa hiyo mizeituni ya babu itakuwa ya Likisko. Kaipalilieni.

Lakini kuna jambo moja nimelitafuna miaka yote miwili. Habari ya mama mkwe wangu na maziwa ya farasi, Likisko aliitoa wapi? Hajawahi kufika huku. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu duniani, siku nilipoleta habari ya kuoa, tukiwa tumekaa mimi na yeye jikoni kwa mama tunamenya vitunguu, na nikamwomba asimwambie mtu. Unamkumbuka huyo mtu?

Mji wenu ulisema mwanangu hafai kuwa mtu wake. Ngano ile yeye ndiye aliyeisimamia, tangu kupandwa mpaka kufungwa. Kama yeye hafai, ngano yake inafaa kwa nini? Rodo hawakuuliza mama yake ni nani.

Barua kwa wasimamizi siandiki. Glaukipo ameisoma barua yako. Ameniuliza kama ni kweli Likisko atakufa. Nimemwambia ndiyo, kweli. Tangu siku hiyo hasemi nami.

Sostrato


Pireo, mwezi wa Boedromioni, mwishoni

Sostrato,

Sijambo, ukitaka kujua. Nauza mkate kwa watu wanaonitemea mate, na wanaununua.

Nimeruhusiwa kumwona Likisko mara moja. Amenyoa ndevu kwa ajili ya chawa. Ameniuliza, mama, mjomba amejibu nini? Nimemwambia barua imechelewa. Unanifanya nimdanganye mwanangu aliye kifungoni, halafu wewe umekaa huko unaniuliza habari za vitunguu! Mtoto wangu anakufa, na wewe unapima maziwa!

Mwanao alitolewa kwenye orodha. Wangu anatolewa duniani. Kama huoni tofauti, basi hiyo nchi imekula akili yako yote.

Na ujue hili. Jana nimekwenda kwa mtu anayeandika laana. Ameandika kwa msumari juu ya bamba la risasi, amelikunja, na tumelizika nje ya lango, kwenye kaburi la msichana aliyekufa kabla ya kuolewa. Aliniuliza, niandike jina gani? Nikasema Sostrato mwana wa Glaukipo. Akaniuliza, peke yake? Nikasema na kizazi chake.

Eukoline


Pantikapaio, mwezi wa Pianepsioni, siku za kwanza

Kwako dada Eukoline,

Naandika kabla sijapata jibu lako, kwa hiyo kama umenitukana, bado sijasikia.

Glaukipo ameondoka. Sikumtuma. Amechukua meli yangu ndogo, akaijaza ngano ya akiba yetu, ya shamba lile lile lililotoa sampuli, mpaka mbegu ya mwakani ameichota. Mama yake alijua. Watumwa wa ghala walijua. Mimi nimeamka nimekuta ghala tupu na pete yake ya muhuri juu ya meza, kama mtu anayesema sichukui kitu chako zaidi ya hiki. Nimekimbia mpaka gatini kwa miguu mitupu, mtu wa umri wangu, nimekuta maji.

Anakuja kumwokoa mwanao. Mimi nisingefanya. Nataka ulijue hilo, usije ukanishukuru kimakosa.

Barua hii naipa mashua nyepesi, inaweza kufika pamoja naye au mapema. Sasa naomba, na kukuomba wewe kunanichoma. Akimaliza kushusha, Kilimia kitakuwa kinazama. Baada ya hapo bahari ya Ponto haimwachi mtu salama, na Glaukipo ni mkulima, si baharia. Asirudi baharini. Mweke kwako msimu wote wa baridi. Mgeni akizidisha mwezi mjini kwenu lazima raia amsimamie kama mdhamini, la sivyo anakamatwa na kuuzwa. Basi Likisko awe mdhamini wake. Ni neno moja tu mbele ya karani. Mwenye sauti kama yake hawezi kukosa neno moja.

Hilo tu, dada. Bahari ikifunguka utaendelea kunichukia, nami nitaendelea kukuchukia. Halina haraka hilo.

Sostrato


Pantikapaio, mwezi wa Munikioni, barafu ikiwa imeondoka

Kwako dada yangu Eukoline, na Likisko, na mwanangu Glaukipo aliye kwenu,

Salamu nyingi. Bahari imefunguka na hii ndiyo meli ya kwanza, nimeikimbilia. Sisi wazima. Opoia alikohoa sana wakati wa baridi lakini ameinuka. Ile barua yako ya laana ilinifikia kabla bahari haijafunga. Nilikasirika siku mbili, kisha nikasema, mama mwenye mtoto kifungoni aandike nini tena? Liishe hilo.

Mfanyabiashara wa kisiwa cha Kio aliyepita hapa ametuambia Likisko ameachiwa huru, na kwamba ngano ya kijana mmoja mgeni ndiyo iliyomwokoa. Zaidi ya hapo hakujua. Opoia alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Barua ya Glaukipo sijapata, lakini meli zilikuwa zimeshalala, simlaumu.

Dada, asante. Nimeliandika hilo neno na mkono haukukauka. Umempa mwanangu paa na moto msimu mzima, baada ya yote niliyokuandikia. Mtu akinisimulia kwamba Eukoline ana roho mbaya, nitamjibu nyamaza, humjui.

Opoia ametuma samaki wakavu mtungi mzima, mle wote. Kofia ya manyoya ni ya Glaukipo. Mama yake anasema kifua chake hubana baridi ikizidi, umpe siki ya moto na asali; bila shaka umeshaligundua mwenyewe. Mwambie sina kinyongo juu ya ngano. Mbegu nimeazima, tumepanda. Mwambie pia, kama Likisko hana neno, ampeleke akaione ile mizeituni ya babu. Kuiona tu.

Mdogo wako, Sostrato


Pireo, mwezi wa Thargelioni

Kwako Sostrato, mdogo wangu wa tumbo moja,

Samaki wamefika. Mguu wangu umepona kidogo. Mvua mwaka huu zimenyesha, shayiri imesimama vizuri, watu wananisalimia tena sokoni kama vile hawakuwahi kunitemea mate. Mke wa marehemu muuza mkaa ameolewa.

Nazungusha maneno. Acha niseme. Glaukipo hayuko kwangu. Aliondoka mwezi wa Maimakterioni, Kilimia kikiwa kimeshazama. Nilidhani yuko kwenu. Barua yako ilipofika nilikuwa naweka mikate tanurini, Likisko akanisomea, na mikate yote iliungua.

Nitakueleza ilivyokuwa, sitajipamba.

Alitia nanga kesi ikiwa imebaki siku chache. Wasimamizi walifungua kile kifuko, wakamimina kwenye sinia karibu na ngano yake, wakachanganya kwa vidole, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Siku ya kesi mimi nilikuwa nje ya uzio na wanawake wengine. Haya amenisimulia Likisko. Glaukipo alisimama akasema hii ndiyo ngano iliyoahidiwa, ile ya Rodo ilikuwa nyingine, Likisko hakumdanganya mtu. Alidanganya, Sostrato, alidanganya mbele ya baraza zima kwa ajili yetu. Yule msema kesi akaruka: huyu si ndugu wa mshitakiwa? Ndugu atasema nini kingine? Glaukipo akamtazama akajibu, waulize watu wa kitongoji chao. Walipiga kura kwamba mimi si ndugu yao. Baraza likacheka. Na kwa kuwa si ndugu, wakamwamini. Walimwachia Likisko kabla ya saa ya chakula.

Jioni hiyo alikuja mpaka mlangoni kwangu. Alisema, shangazi, shikamoo. Nilimpa mkate, wa ngano yake mwenyewe. Nikamwambia ingia. Akasema yuko sawa hapo. Alikula amesimama, mgongo ameuegemeza ukutani, kama baba yetu alivyokuwa akila.

Ile barua yako ya kuomba ilinifikia. Siwezi kusema haikufika. Nilimpa Likisko aisome. Akasema, mama, nikisimama leo kuwa mdhamini wake, yule msema kesi atasema tazameni, walikuwa kitu kimoja tangu mwanzo, na kesi itafunguliwa upya. Akasema tungoje kidogo, watu wasahau. Lakini mwezi wa mgeni haungoji, na wapekuzi wa wageni walikuwa wanapita kila nyumba ya kulala wageni. Glaukipo hakuomba. Ulimlea vibaya, hajui kuomba. Alisema tu, basi nitarudi nyumbani. Nami nilikuwa hapo, nimeshika ubao wa mikate. Ningesema neno Likisko angesikia, ananiogopa mpaka leo. Sikusema. Nilikuwa nimempata mwanangu juzi tu.

Nilimpa barua akuletee. Niliandika mambo humo ambayo sitayarudia, maana yalikuwa ya kusomwa mara moja.

Uliniuliza habari ya vitunguu. Acha hiyo, Sostrato. Unalijua jibu.

Juzi nimekwenda nje ya lango kulitafuta lile bamba la risasi. Mvua zimeshusha udongo, makaburi yamefanana yote. Nimechimba kwa mikono mpaka walinzi wakanifukuza. Sikuliona.

Huenda amejificha kwenye kisiwa fulani. Huenda amepata homa akakaa Bizantio. Huenda. Kofia yake ninayo.

Eukoline


Pantikapaio, mwezi wa Hekatombaioni

Eukoline,

Watu wa pwani ya Thrake wameokota ubao wa nyuma ya meli wenye panzi wetu. Mwili haukuonekana. Opoia amekata nywele zake zote na anakaa ghalani.

Najua unaogopa nini. Unadhani ngano nitaipeleka Rodo tena. Hapana. Mwaka huu, na kila mwaka nitakaokuwa hai, ngano yangu yote inakuja Pireo. Vifuko viwili vya sampuli vimefuatana na barua hii. Muhuri si panzi tena, ni ile pete aliyoiacha mezani. Mpokeaji ni Likisko. Desturi ya Ukumbi anaijua: atapanda juu ya jiwe, atataja ngano ni ya nani, mwana wa nani, wa kitongoji gani. Atasema: ngano ya Glaukipo, mwana wa Sostrato, wa kitongoji chetu. Kila mwaka, mbele ya wale wale waliopiga kura. Neno moja likipungua, nahodha ana amri ya kugeuza meli, na sheria ya nafaka Likisko ameshaionja.

Atasikika tu, sauti anayo. Nawe uikande, uoke, mle mshibe.

Sostrato